Aliniacha Njia Panda kwa Ajili ya Daktari wa Meno

"Mama Mapacha, nitolee mke wangu."

"Nikutolee kutoka wapi? Nimemfungia kabatini?"

"Najua yumo humo. Kofia yake ya baiskeli naiona hapo dirishani."

"Basi ongea na kofia."

Nilikuwa jikoni kwa Mama Mapacha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, namenya vitunguu huku namsikiliza mume wangu akibishana getini. Machozi yalikuwa ya vitunguu. Naomba hilo lieleweke.

"Jirani gani wewe, unaficha wake za watu?"

"Na wewe mume gani, Fundi? Unaondoka na mke, unarudi na medali?"

Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alizima redio yake asikie vizuri.

Mimi ni msusi. Mwaka mzima nasimama saluni, vichwa vya watu mikononi. Mume wangu anatengeneza friji. Ndoa ilipofika miaka kumi tukasema tujipe raha: safari ya baiskeli kando ya pwani, sisi na wageni wengine, mbele yetu mzee mmoja wa fulana ya njano tuliyemwita Kiongozi.

"Tutakwenda bega kwa bega," mume wangu aliniambia. Nikaamini. Si mume?

Asubuhi ya kwanza Kiongozi alitupa sheria moja tu.

"Kila njia panda, simama. Usiondoke mpaka wa nyuma yako amekuona umeelekea wapi."

Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni mume wangu.

Siku ya pili akaanza kushindana na daktari wa meno, bwana mmoja mwenye miguu kama nguzo za umeme. Mashindano yenyewe hakuna aliyeyatangaza. Maskini daktari, alikuwa anajiendeshea zake, anatazama ndege. Mume wangu kamgeuza adui.

"Nisubiri basi," nilimwambia kwenye kilima. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho.

"Niko hapo mbele tu, mama."

Hapo mbele. Nilifika njia panda kwenye mashamba ya chumvi, nikakuta upepo peke yake. Nikashika kulia. Barabara ikaishia kwenye matope, mnyororo ukachomoka, maji ya kunywa yakaisha. Nikampigia, hapokei. Nikampigia tena, hapokei.

Simu yangu ilipotoa mlio nikajua ananitafuta. Kumbe kaandika kwenye grupu la mtaa wetu, na picha juu, kanyanyua baiskeli kama kombe:

"Mama kachoka, kapanda gari. Mimi nasonga mbele kwa niaba ya familia."

Nimechoka mimi, ninayesuka kichwa kizima bila kukaa? Na gari lenyewe nimelipanda wapi, kwenye matope? Kiongozi alipomuuliza nilipo, alimjibu hivyo hivyo, nimo kwenye gari la mizigo lililobeba mabegi yetu, kwa sababu aliona haya kusema hajageuka nyuma hata mara moja. Gari lilipofika bila mimi ndipo Kiongozi akalichukua, akarudi kunitafuta. Alinikuta midomo imepasuka, nimekaa juu ya jiwe.

Nikamwomba anipeleke kituo cha basi, nikarudi mtaani, nikafikia kwa Mama Mapacha. Mume wangu naye? Akamaliza safari. Eti kitu ukishakianza, sharti ukimalize.

Na sasa, pale getini, akageuza kibao.

"Hebu muulize alipanda gari la nani mpaka kituoni. Yeye na yule kiongozi, wawili tu, njia nzima."

Mama Mapacha alishusha sauti. Huyu mama akishusha sauti, mtaa unashtuka.

"Fundi," alisema polepole, "yule mzee alimtafuta mkeo. Wewe ulikuwa unapiga picha. Nani amwonee wivu nani?"

Niliweka kisu chini. Nikamwandikia mume wangu:

"Ukweli uandike pale pale ulipoandika uongo. Ukishindwa, kesho nakuja kuchukua nguo zangu."

Nikasikia simu yake ikilia getini. Kisha simu ya Mama Mapacha ikalia, ya muuza mkaa ikalia, za nyumba za juu zikaitikia: grupu la mtaa.

"Majirani, mke wangu hakuchoka. Nilimwacha njia panda peke yake kwa sababu nilikuwa namkimbiza daktari wa meno. Nikamdanganya Kiongozi, nikawadanganya na nyinyi. Hakupanda gari la mtu kwa ubaya. Alipanda kwa sababu mumewe hakurudi."

Mama Mapacha aliingia jikoni, simu mkononi.

"Shoga, umesoma?"

"Nimesoma."

"Ameondoka getini."

Niligeuka haraka, sitaficha. "Ameenda nyumbani?"

"Hapana. Yuko pale kona, njia zinapokutana. Amesimama tu, juani, anatazama huku."

"Anapiga simu?"

"Hapigi. Muuza mkaa kampa kiti, kakataa."

Nikaelewa. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Nikakaanga, nikatia nyanya, nikaonja chumvi. Mama Mapacha akachungulia dirishani.

"Bado yupo. Shati limeloa lote."

"Na liloe."

Chakula kilipoiva, mapacha wakakaa mezani, nikafuta mikono nikatoka hadi getini. Alikuwa pale pale, medali haipo shingoni, kipara kinang'aa. Hakusogea hata hatua.

"Hivi yule daktari ulimshinda?" nikamuuliza kwa sauti ya kufika kona.

"Hapana."

"Uliniacha, na hata yeye hukumshinda?"

Muuza mkaa alicheka mpaka akakohoa. Mume wangu hakucheka.

"Mama, umeniona?"

Nilimwangalia. Kile alichopaswa kukifanya kule kwenye mashamba ya chumvi, alikuwa anakifanya hapa, kwa kuchelewa, mbele ya watu wote.

"Nimekuona," nikasema. "Sijakusamehe, usichanganye mambo. Ila Mama Mapacha amekuwekea sahani. Ingia ule."