Anayeitikia

Rafiki yangu mmoja, fundi wa sauti tunayemwita Masikio, hapendi kuulizwa habari hii. Alikwenda tu kumsaidia shemeji yake, mwimbaji wa bendi ya roki, kwenye ukumbi mdogo usiozidi sebule mbili. Magitaa yalinguruma hadi glasi zikatetemeka, na chini ya kelele zile Masikio akasikia sauti ya mwanamke ikimfuata shemeji neno kwa neno. Ilimkuna moyo. Kwenye mitambo yake akapandisha sauti ya maikrofoni ya nyuma, na mwanamke akasikika zaidi.

Wakati wa mapumziko akamvuta shemeji kando.

"Huyo anayekuitikia mmemtoa wapi? Anaimba, jamani!"

"Aniitikie nani? Tuko watatu, na hao wawili hata kupiga mluzi hawajui."

"Acha masihara. Yule wa maikrofoni ya nyuma, penye pazia."

Shemeji akaacha kucheka. "Ile? Ile hatukuichomeka."

Watu walishaanza kupiga makofi wakidai wimbo unaofuata. Masikio akapanda jukwaani, akapapasa gizani nyuma ya ngoma. Waya ulikuwa umeviringishwa na kufungwa kwenye mguu wa stendi. Akagusa kichwa cha maikrofoni. Kilikuwa na joto, kimelowa, kama kwamba mdomo ndio kwanza umebanduka.