Sipimi Juu ya Koti

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pindo zake hazikufumuka. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Kilikuwa na meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu na cherehani moja nyeusi. Cherehani hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto watatu. Mumewe alikuwa mpaka rangi, kazi ya leo ipo, kesho haipo.

Mama Pindo alikuwa na sharti moja. Mteja akija kupimwa huku amevaa koti, alimwambia, "Vua. Sipimi juu ya koti." Wengine walinuna. Hakujali. Ukipima juu ya koti, nguo inakuwa kubwa, halafu analaumiwa fundi.

Asubuhi moja mumewe aliketi karibu na cherehani, ameshika tama. Mkononi alikuwa na barua.

"Mama watoto, tuiuze tu," alisema. "Nimempata mtu. Anatoa laki mbili na nusu."

"Tuuze nini?"

"Cherehani."

"Basi uniuze na mimi, baba watoto. Maana hapa kwenye kiti sibanduki."

Mambo yalianza hivi. Miezi mitatu nyuma, Mama Pindo alichukua vitambaa vya sare za shule kwenye duka la jumla. Ankara, yaani karatasi ya kudai malipo, ilisema alipe laki nne ndani ya siku thelathini. Shule ilichelewa kumlipa. Naye akachelewa kulilipa duka. Duka likampa kazi mkusanyaji madeni. Mtaa mzima ulimwita Wino Mwekundu, kwa sababu ya kalamu yake.

Wino Mwekundu alileta barua tatu. Ya kwanza ilidai laki nne na elfu sitini. Ya pili ilidai laki tano na elfu ishirini na tisa. Ya tatu ilidai laki sita na nusu. Chini yake aliandika, "Usipolipa Ijumaa, tunabeba cherehani."

Wakati huo shule ilikuwa imeshalipa. Ndani ya nyumba mlikuwa na laki nne na elfu thelathini. Mama Pindo alikuwa amempelekea Wino Mwekundu laki nne mkononi. Akazikataa. "Lete zote au usilete kitu," alimwambia.

"Gari likija kubeba vitu vyetu, majirani watasema nini?" mumewe aliuliza. "Ni aibu."

"Aibu ni kukimbia deni. Mimi sijakimbia. Laki nne ni deni langu, nalijua. Lakini hizi laki mbili na nusu za juu, nilizila lini?"

Mlango ukabishwa. Aliingia binti mmoja aliyefanya kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria. Alikuja kushonesha gauni.

"Vua koti, mwanangu," alisema Mama Pindo, huku macho yake yamewiva kwa hasira.

Binti alivua. Akamtazama mume, akamtazama mke. "Kulikoni? Mmefiwa?"

"Bado," alijibu mume. "Tunangoja Ijumaa."

Wakampa barua zote tatu. Alizisoma polepole. Kisha akaomba chaki ya kuchorea kitambaa, akainama juu ya meza ya kukatia.

"Barua ya kwanza imeongeza asilimia kumi na tano. Asilimia kumi na tano ya laki nne ni elfu sitini. Sawa?"

"Sawa."

"Ya pili nayo imeongeza asilimia kumi na tano. Zimeongezeka ngapi?"

Mama Pindo alihesabu kwa vidole. "Elfu sitini na tisa. Mbona si sitini?" Akarudia hesabu. Kisha akapiga meza. "Hakuhesabu kwenye laki nne! Kahesabu kwenye laki nne na sitini! Mwanangu, huyu kapima juu ya koti!"

"Hapo hapo, mama. Na barua ya tatu kapima juu ya makoti mawili. Imefika laki sita na elfu nane, mia tatu na hamsini. Halafu akaongeza nauli na usumbufu, elfu arobaini na moja, mia sita na hamsini."

Mimi ninayesimulia, nilipoiona barua hiyo nilicheka kwa hasira. Usumbufu gani unahesabika mpaka hamsini ya mwisho? Alitaka tu jumla yake iwe nzuri, laki sita na nusu bila mkia.

"Sheria yetu inaruhusu gharama za kukusanya deni," binti aliendelea. "Lakini zina mwisho. Kwa deni kama hili, mwisho ni asilimia kumi na tano ya deni lenyewe, mara moja tu. Alete barua tatu au thelathini. Nauli imo humo humo."

"Basi ni laki nne na sitini," alisema mume. "Tumepungukiwa elfu thelathini. Nitakopa."

"Usikope, baba. Kabla ya gharama yoyote, lazima alete barua ya kukumbusha. Itaje deni. Iwape siku kumi na nne za kulipa bila nyongeza. Itaje pia gharama mtakazodaiwa siku hizo zikipita. Barua hiyo mnayo?"

Walipekua droo, chini ya pasi, hata ndani ya kopo la vifungo. Haikuwepo.

"Basi gharama hazijaanza," alisema binti.

"Na cherehani yangu?"

"Bila amri ya mahakama, hagusi hata bobini."

"Lakini barua ina muhuri," mume alisema kwa sauti ndogo.

"Baba, muhuri unachongwa kwa bei ya soda."

Siku hiyo hiyo wakaandika barua yao. Walikubali deni la laki nne. Walikataa zilizobaki, na wakaeleza kwa nini. Nakala moja walimpa Wino Mwekundu, nyingine duka la jumla. Nakala ya tatu, yenye saini za waliopokea, Mama Pindo aliiweka chini ya kioo cha meza.

Msomaji, kiwango hicho ni cha nchi yao. Kwako huenda ni kingine. Kaulize ofisi ya msaada wa kisheria kabla hujalipa, na kabla hujauza kitu.

Ijumaa Wino Mwekundu alikuja na gari na wabebaji wawili. Alikuwa amevaa suti. Mama Pindo alikuwa akishona, na hakuinuka.

"Mama, pesa au mashine," alisema.

"Amri ya mahakama iko wapi?"

"Hii barua inatosha."

"Haitoshi. Deni ni laki nne. Wewe umeongeza gharama, ukaziongezea gharama, ukaongeza na nauli. Barua ya kukumbusha hukuleta. Iandike upya, nami nitalipa. Lakini hiyo uliyoshika, silipi hata senti moja yake. Na usiiguse cherehani yangu!"

Kinyozi wa jirani alikuwa amesimama mlangoni na mkasi wake. "Kumbe nauli haidaiwi kando?" aliuliza. "Mbona mimi umenitoza nauli mara mbili?"

Watu wakaanza kusogea. Wabebaji wakatazamana. Mmoja akauliza, "Bosi, amri ya mahakama ipo au haipo?" Wino Mwekundu akaikunja barua yake, akaitia mfukoni. Wabebaji wakarudi kwenye gari bila kungoja kuambiwa.

Jumatatu barua mpya ililetwa. Deni, laki nne. Siku kumi na nne za kulipa bila nyongeza. Zikipita, gharama elfu sitini, basi. Iliandikwa kwa wino wa bluu.

Mama Pindo alilipa siku ya pili, dukani kwenyewe, akachukua risiti. Kinyozi naye alikwenda kwa yule binti na karatasi zake. Baada ya wiki tatu alirudishiwa alichotozwa zaidi.

Kwenye zile elfu thelathini zilizobaki, mume aliomba elfu tano anunue rangi. Akapaka ukuta wa mbele maneno makubwa meusi: SIPIMI JUU YA KOTI.

Wateja wapya hudhani ni habari ya nguo. Wino Mwekundu akipita pale, hutazama upande wa pili wa barabara.