Majivu Kisimani kwa Ausi

Ausi na mkewe Kuruthumu hulima mananasi Kiwangwa. Maji yalikuwa mbali, na Kuruthumu alikuwa mjamzito. Basi wakaanza kuchimba kisima.

Chini ya udongo mwekundu ulikuwapo mwamba laini wa mchanga. Asubuhi moja, sururu ya Ausi ilifungua tabaka la kijivu, laini kama unga wa muhogo.

Mama yake, Bi Somoe, aliusugua unga ule kiganjani.

"Majivu," alisema. "Watu waliungua hapa. Mwanangu, usichimbe juu ya marehemu."

Kazi ikasimama. Ausi akawa anaota majivu yakishuka polepole kama manyunyu, shamba lote kimya. Kuruthumu akaendelea kubeba ndoo.

Nadhira, mtaalamu wa miamba, alikuja kijijini kupima maji. Kuruthumu akamwita.

"Shikamoo, bibi," Nadhira alimwamkia Bi Somoe.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani alikufa hapa?"

Nadhira akashuka shimoni, akatazama. "Naona ni majivu ya volkano, mlima unaotema moto. Upepo uliyaleta. Tuyapime tupate hakika."

Ausi akachukua jembe ayachote.

"Taratibu, kaka! Yakichanganyika na mchanga, umri utakuwa wa uongo."

Wakasafisha ukuta wa shimo, wakachota katikati ya tabaka, wakatia kwenye mfuko safi.

"Majivu yana umri?" aliuliza Kuruthumu.

"Yana punje ndogo za madini, zirkoni. Ziliumbika kwenye uji wa mawe yaliyoyeyuka, mlima ulipokaribia kulipuka. Ndani yake mna urani kidogo, metali nzito. Urani hugeuka polepole kuwa metali nyingine, risasi, kwa mwendo usiobadilika. Tukipima urani iliyobaki na risasi iliyopatikana, tunajua umri."

"Kama udi chetezoni," alisema Bi Somoe. "Ukiona uliobaki na majivu yake, unajua umewaka muda gani."

"Hasa, bibi."

Miezi ikapita. Mtoto akazaliwa, na maji bado yalitoka mbali. Ndipo Nadhira akarudi.

"Punje zote zimetoa umri mmoja. Miaka milioni kumi na mbili. Hapakuwa na mtu duniani."

"Basi nani aliyaona yakianguka?" aliuliza Ausi.

"Mwenyezi Mungu," alijibu Bi Somoe. Akamsogezea sururu. "Chimba, mwanangu."

Ausi akachimba mpaka maji yakatoka, baridi na mengi. Fundi alipoleta matofali ya kujengea ukuta wa kisima, Bi Somoe alimzuia kidogo. Akainama ukingoni na mjukuu mgongoni, akautazama mstari wa kijivu kwa muda mrefu.

"Siku yalipoanguka ilikuwa kimya kweli," alisema. "Haya, jengeni."