Abiria wa Mujahid

Kengele ililia nje ya lango la Mustapha baada ya swala ya alasiri. Haikuwa ya baiskeli, wala ya muuza aiskrimu. Amna, mkewe, aliacha kuchambua maharage.

"Baba Mujahid, umesikia?"

"Bodaboda mbovu hiyo."

"Na chuma kinachokwaruza chuma?"

"Mke wangu, hapa Maisaka hakuna reli. Treni itoke wapi, ziwani?"

Mustapha alijaribu kucheka. Harufu ya chuma kilichoungua ilikuwa imeshaingia uani, na wote wawili walimkumbuka mtoto wao.

Mujahid alikuwa dereva wa tramu Marekani. Tramu ni behewa la umeme linalopita juu ya reli katikati ya barabara. Miji mingi ya huko iliziondoa zamani, reli zikafukiwa kwa lami. Sasa baadhi ya miji inazirudisha. Katika mji wa Mujahid walizifukua reli zilezile za kale, na yeye akapewa zamu ya kwanza ya asubuhi. Mwezi mmoja baadaye alikutwa amekufa kitini, mlango wa tramu ukiwa wazi. Alizikwa hukohuko. Mama yake hakuliona hata kaburi.

Ilibaki sauti yake kwenye simu ya Amna, ujumbe aliomtumia siku chache kabla ya kufa. Siku ya tatu kengele ilipolia tena, walimwita Ustadh Sele, msomaji wa dua, naye akaomba aisikilize.

"Mama, leo nimejicheka," Mujahid alisema. "Kwenye kituo cha zamani nilisikia mtu anagonga mlango. Nikafungua, sikuona mtu. Basi nikasema karibu! Ningekuwa mzungu ningefunga nikaenda zangu. Tangu hapo kiti cha nyuma kinanuka chuma kilichoungua."

Wazazi walicheka walipoisikia mara ya kwanza. Ustadh hakucheka.

"Jini huyo alikuwa anangoja tangu reli zilipofukiwa," alisema taratibu. "Wenyeji wa huko hawakumkaribisha. Kijana wetu alimkaribisha, kwa malezi mliyompa. Sasa amekuja kwenye nyumba iliyomlea. Atapiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, hana ruhusa ya kuingia. Mama Mujahid, usijibu, hata kama sauti unaijua."

Kesho yake, alasiri, walijifungia ndani wote watatu. Kengele ikalia. Chuma kikakwaruza hadi mlangoni, kikasimama.

"Hodi."

Amna aliinuka. "Ni yeye," alinong'ona. "Mustapha, ni mwanangu."

"Mwanao yuko kwa Mola wake. Kaa, nakuomba."

"Hodi, mama."

Ustadh alianza kusoma Ayatul Kursi, jasho likimtiririka shingoni.

"Hodi, mama. Nina baridi. Hawakunifunika vizuri."

Amna akauma upindo wa khanga yake, akashika mguu wa meza kwa mikono miwili, na lile neno ambalo maisha yake yote amempa kila aliyesimama mlangoni pake, awe mgeni, awe ombaomba, awe mtoto anayetoka shule na njaa yake, likampanda kutoka kifuani hadi kooni, likamjaa mdomoni, likamsukuma meno, naye akalizuia mpaka machozi yakamlowesha khanga, na hakulitoa.

Kengele ililia mara moja. Chuma kikakwaruza kuelekea langoni. Harufu ikaisha.

"Alhamdulillah," alisema Ustadh. Mustapha akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha, ng'ambo ya ukuta, kwenye nyumba ya jirani yao Lukresia, mtu alibisha.

"Hodi, Mama Octavian!"

Ilikuwa sauti ya Amna.

Amna alikimbilia dirishani. Alifungua kinywa amkataze jirani yake, akasukuma pumzi kwa nguvu zake zote, na hakikutoka kitu.

"Karibu, Mama Mujahid," Lukresia alijibu kwa furaha. "Mlango uko wazi, pita tu ndani."