Na Yeyote Atakayetokea

Mambo yalianza na kiti. Kila asubuhi karani wa ofisi ya ndoa alipanga viti viwili vya maharusi mbele ya meza ya msajili, akavisogeza mpaka migongo ilingane. Jumatatu hiyo aliporudi na daftari, kiti cha bwana harusi kilikuwa kimevutwa nyuma, kana kwamba mtu ametoka kuinuka. Akakigusa. Kilikuwa na joto.

Hakumwambia mtu, maana angechekwa mpaka mwisho wa mwezi. Ofisini walimwita Chapchap, kwa jinsi alivyogonga muhuri rundo zima la karatasi bila kusoma hata moja. Na wiki hiyo akili yake yote ilikuwa Jumamosi, siku ambayo yeye mwenyewe angekalia kiti cha bibi harusi, na fundi friji wake pembeni. Alimpenda yule fundi kupita kiasi, na hakuona haya kusema.

Mchana wakaletewa kipaza sauti kipya na spika yake. Msajili, mzee waliyemwita Kifungu kwa kuwa hata chai aliinywa kwa kufuata sheria, akataka kukijaribu. Akamsimamisha Chapchap mahali pa bibi harusi. Mlinzi na mama wa usafi wakasimama kwenye mlango uliokuwa wazi, kutazama. Mzee akasoma maneno yote kwa sauti ya kazini, akataja jina kamili la karani, kisha alipofika kwa bwana akatia utani.

"Na yeyote atakayetokea."

"Namkubali, kwa hiari yangu," Chapchap akajibu huku akicheka.

"Nami namkubali," spika ikasema, kwa sauti ya kiume, ya chini.

Wote wakamgeukia mlinzi. Mlinzi alikuwa na chupa ya maji mdomoni.

Jioni ile chumba cha Chapchap kilinuka nguo inayopigwa pasi, na pasi yake ilikuwa juu ya kabati, baridi. Akafungua dirisha, akanyunyiza manukato, akakaa kitandani, na alipokaa akaona godoro upande wa pili nalo linabonyea taratibu, kama mtu mchovu anavyokaa akivua viatu, na harufu ile ikamsogelea mpaka akahisi uvuguvugu wake shavuni, naye hakuweza kupiga kelele wala kuinuka mpaka kulipopambazuka.

Kesho yake alipotoka kazini, fundi alikuja kumwona, akaishia mlangoni.

"Una mtu ndani?"

"Sina."

"Nimemsikia akikohoa. Kama umebadili mawazo niambie tu, mimi si mtoto."

Chapchap akalia, akamweleza kila kitu. Fundi alitaka kumwona mwongo, lakini harufu ya pasi ikamjia usoni, na kikohozi kikarudi, safari hii karibu na sikio lake. Asubuhi waliongozana hadi kwa Mzee Kifungu.

Mzee aliwasikiliza huku akipangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu. Aliogopa, tena alijilaumu. Akawaambia bila kuficha kwamba kama ndoa ya Jumatatu imesimama, ya Jumamosi ni batili, kwani mwanamke mwenye mume hawezi kuolewa tena. Fundi akataja mganga.

"Mganga hana daftari," mzee akasema. "Mimi ndiye niliyewafungisha. Mimi nitawafungua."

Alhamisi mchana wakajifungia ukumbini. Kipaza sauti kilikuwa mezani, waya umechomolewa.

"Ule ulikuwa utani," mzee akaanza. "Utani haufungi ndoa."

"Alitamka," spika ikajibu polepole. "Mashahidi wawili walisikia. Mlango ulikuwa wazi. Nani alimlazimisha?"

Fundi akamshika Chapchap mkono, na mkono ulikuwa wa barafu. Mzee akafuta jasho, akajikaza, akatoa karata yake ya mwisho.

"Ndoa hutangazwa ubaoni siku ishirini na moja, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo lako liko wapi?"

Kiti cha bwana harusi kikakwaruza sakafu, mlango ukafunguka wenyewe, na ile harufu ikapita katikati yao ikaelekea kwenye korido, ikapotea.

"Hakuna tangazo, hakuna ndoa," mzee akasema, akagonga meza mara tatu.

Usiku huo Chapchap alilala usingizi wa mtoto. Fundi aliimba siku mbili mfululizo, na ana sauti mbaya kweli.

Jumamosi, akiwa na gauni lake jeupe, Chapchap akapita koridoni kubandua tangazo lao, maana siku zake zilikuwa zimetimia. Pini ilikuwa imeshika karatasi mbili. Ya chini ilikuwa na jina lake kamili, na mahali pa bwana paliandikwa: Yeyote atakayetokea. Tarehe ilikuwa siku ishirini na moja kamili kabla ya Jumatatu ile, mzee akiwa hata hajautunga utani wake.

Mzee Kifungu aliisoma mara mbili. Mahali pa pingamizi palikuwa patupu.

"Muhuri huu wa nani?" akauliza kwa kunong'ona.

"Wangu."

Fundi akachungulia kutoka ukumbini, ndani ya suti yake mpya, uso umempauka.

"Mbona kiti changu kina mtu?"