Nafasi ya Jino Moja

Fundi anayechonga meno ya shafti huanza mahali, huzunguka, na hurudi alikoanzia. Akifika, kazi imekwisha. Siku ile Kambere alizunguka, akarudi alikoanzia, akakuta bado kuna chuma kitupu, laini, upana wa jino moja.

Akaguna tu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kushangaa kulimtaka nguvu. Karakana yake ilikuwa Birere, mtaa wa Goma, na Birere nzima haikuwa ikilala: vita vilikuwa vimeshuka kutoka Rutshuru, wakimbizi walijaa barabarani na magodoro kichwani, na dada yake Kahindo, mjamzito, alikuwa amekwama kambini Kibati, ng'ambo ya kizuizi cha askari. Gari pekee lililoruhusiwa kupita lilikuwa lori la maji la dereva Florent, nalo lilikuwa limelala, meno ya shafti yake ya nyuma yamesagika. Kambere akichonga shafti nyingine, Florent angerudi na Kahindo. Asipochonga, basi.

Chuma kipya hakikupatikana. Kambere aling'oa shafti ya lori lililoungua njia ya Kibati, upande huu wa kizuizi, lori ambalo watu walifia ndani wakikimbia. Mafundi wa Goma wana desturi yao: chuma cha gari lililoua watu hulazwa nje kinyeshewe, kiombewe, ndipo kiguswe na mashine. Kambere aliifunga kwenye fraiseuse, mashine yake ya kuchonga meno, asubuhi ileile. Haraka haina baraka, wanasema. Wanaosema hawana dada Kibati.

Alipoona lile pengo alidhani amekosea. Akakagua diviseur, kile kisahani cha matundu kinachogawa duara sawasawa, akakuta hakina kasoro. Akahesabu meno, yakawa kamili kama ya shafti ya zamani. Kamili, na bado pengo.

Ndipo ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Umeme ukakatika, kama kawaida ya Goma, mashine ikanyamaza, na katika ukimya ule shafti ikaanza kugeuka yenyewe, polepole, jino baada ya jino, mpaka lile pengo likasimama mbele ya uso wa Kambere, na kutoka ndani ya chuma akasikia watu wengi wakisukumana, wakikohoa, mtoto akilia na kunyamazishwa, mtu akiomba asogezewe mguu, kisha sauti ya mwanamke, ya chini, iliyochoka kuliko Kambere mwenyewe, ikasema: "Kungali fasi ya mutu moja. Tunamungojea."

Kambere hakukimbia. Jirani aliyemkuta pale ndiye aliyekwenda mtaa wa Mapendo kumwita Mama Émérance, mama wa maombi anayejulikana kwa kufukuza majini. Alikuja na rozari, akaweka kiganja juu ya shafti, akakiondoa upesi kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Papa Kambere," alinong'ona, "hii chuma uliitoa wapi?"

"Ku lori ya Kibati."

"Uliiombea?"

"Hapana, mama. Nilikuwa na haraka."

Mama Émérance alifumba macho. "Ni jini ya njia. Imewashika wale wafu, inawaambia gari haijajaa. Usichonge ile fasi. Ukiichonga, umewapatia kiti, na watakitafutia mutu. Irudishe kule, ilowane na mvua. Nitakuja kuomba mpaka iwaachilie."

"Ni siku ngapi, mama?"

"Siyo miye ninapanga."

Florent akaingia akihema. "Muzee, mabomu imekaribia kambi! Kesho wanafunga barrière. Iko tayari?"

Kambere alijaribu shafti kwenye tundu lake lenye meno ya ndani. Haikuingia, kile chuma kitupu kiliizuia. Akamtazama yule mama, na machozi yakamtoka bila aibu.

"Munisamehe, mama. Ni dada yangu."

Mama Émérance akakusanya rozari yake, akaondoka bila kuaga.

Umeme uliporudi, Kambere alichonga. Chuma kilikatika kama sabuni. Meno yalikuwa yamezidi kwa moja, hapana tundu ambalo lingeyakubali, lakini shafti iliingia kama mkono katika mfuko wake.

Lori liliondoka, likarudi jua likiwa bado juu. Tangi lilikuwa limemwagwa maji yote, lakini springi zilikuwa zimelala kabisa, na matairi yamebonyea. Florent aliruka chini akicheka, akazunguka kufungua mlango wa pili.

"Njo huyu dada yako! Alipanda mbele, mulango nilimufungia miye mwenyewe!"

Kwenye kiti kulikuwa na kitenge cha Kahindo, kikiwa bado na joto. Kicheko kikamfia Florent mdomoni. Kambere akaita jina la dada yake, akaita tena, akapiga magoti kando ya gurudumu la nyuma na kuegemeza sikio kwenye chuma cha shafti.

"Yaya," Kahindo alimjibu kaka yake kutoka humo ndani, taratibu, kama mtu aliyepata mahali pa kukaa baada ya safari ndefu. "Gari imejaa sasa. Waambie tuende."