Chapuchapu na Toleo Jipya

Kila asubuhi, msichana mmoja wa darasa la saba ndiye aliyefungua chumba cha kompyuta, akapangusa vumbi na kuwasha mashine. Alifanya kila jambo mbiombio, hivyo shule nzima ilimwita Chapuchapu.

Siku hiyo wazazi wangefika saa nne kuchukua ripoti. Alama zote zilikuwa ndani ya programu ya shule. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amepanga kuweka toleo jipya wazazi wakishaondoka. Toleo hilo lilikuja kama msimbo, yaani maandishi ambayo kompyuta huyasoma na kuijenga programu yenyewe. "Lisiguswe mpaka nije," alikuwa ameonya.

Chapuchapu alitaka mwalimu akute kazi imekwisha. Nyumbani kwao, mkeka mpya ukija, wa zamani hutolewa kwanza. Basi akafuta folda nzima ya programu ya zamani, kisha akaiamuru kompyuta ijenge mpya. Mistari ikakimbia kwenye kioo, halafu ikasimama ghafla. Kuna sehemu ya msimbo iliyokosekana. Programu mpya haikujengeka, na ya zamani haikuwepo tena, wala alama.

"Zima, useme umeme umekatika," kiranja wa darasa, aliyekuwa ameingia nyuma yake, alimnong'oneza. "Nani atajua?"

"Na ripoti za watu je?" Chapuchapu alijibu. Aliogopa hadi machozi yakamlengalenga. Hata hivyo, alikwenda ofisini kwa mwalimu, akaweka ufunguo wa chumba mezani na kusema yote.

Mwalimu alishusha pumzi, akatoa flashi iliyoning'inia kwenye funguo zake. "Hii ni nakala ya jana mchana. Lakini alama za Sayansi za darasa la tano ziliingizwa jioni. Hizo hazimo."

Programu ya zamani ikarudishwa. Kiranja, kwa aibu, akasoma alama kwenye karatasi arobaini na mbili za mtihani huo, na Chapuchapu akaziingiza moja moja, safari hii polepole. Ya mwisho iliingia wazazi wakiwa tayari mlangoni.

"Umeniponza, lakini umesema kweli mapema, ndiyo maana tumewahi," mwalimu alisema. "Sikiliza. Nakili kwanza, uhakikishe nakala inafunguka. Jenga mpya pembeni, uijaribu. Ikifanya kazi, ndipo ubadilishe. Na ya zamani?"

"Naiacha palepale, mwalimu."

"Mpaka lini?"

Kwa mara ya kwanza, Chapuchapu hakujibu haraka. "Mpaka mpya ituzoee na sisi tuizoee."

Mwalimu akacheka, akamrudishia ufunguo wa chumba.